Maswali Yenu: Ofisa mauzo anapoitaka MBA ya shule kubwa

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka kwa watu wa mauzo: sabuni, bima, dawa, laini za simu. Wanauliza lilelile kwa maneno tofauti. Shule kubwa za biashara, yaani Harvard, Stanford, Wharton, INSEAD na wenzao, zimejaa watu wa benki na wa kampuni za ushauri. Je, aliyeshinda juani akigawa mzigo madukani atapata kiti cha MBA, yaani shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara? Anapata. Kinachomwangusha mara nyingi si kazi yake bali namna anavyoieleza, ndiyo maana jibu la kwanza ni refu.

Shikamooni wahariri. Nina miaka 29, ni ofisa mauzo wa kampuni ya bidhaa za nyumbani. Miaka minne mfululizo nimevuka lengo. Rafiki yangu aliyesoma Ulaya ameitazama CV yangu akasema haina uzito. Mbona takwimu zangu ni nzuri?
*Ofisa mauzo, Mwanza*

Marahaba. Rafiki yako amesema kweli. "Nilivuka lengo kwa 20%" ni sentensi iliyomo kwenye CV ya kila mtu wa mauzo, na anayesoma maombi hana namna ya kuipima. Hajui lengo lilipangwa na nani wala kwa kigezo gani. Hajui kama wenzako wa Shinyanga na Tabora nao walivuka kwa 20% kwa sababu bei ilipanda au mshindani aliishiwa mzigo. Eneo zuri humbeba muuzaji wa kawaida, na wasomaji wa maombi wanalijua hilo.

Kila takwimu unayoiandika iambatane na mambo matatu: ilianzia wapi, wenzako walikuwa wapi wakati huo, na wewe ulibadilisha nini hadi ikasogea. Tuseme umeandika: "Niliongeza mauzo ya eneo langu kwa 40%." Sasa soma hii: "Wauzaji wa jumla 34, Geita na Sengerema. Mauzo ya mwezi yalipanda kutoka sh milioni 180 hadi sh milioni 252 ndani ya miezi 14, wakati kampuni nzima ilikua kwa 11%. Nilisogeza siku ya kupeleka mzigo iwe kabla ya mnada, nikaondoa kwenye ratiba maduka ambayo mafuta ya gari yalizidi faida yake." Asilimia ni ileile 40. Lakini ya pili ina mtu anayefikiri ndani yake, na huyo ndiye shule inayemtafuta. (Hizo ni tarakimu za mfano, zako zitoe kwenye ripoti zako.)

Kisha rudi kwenye ripoti hizo za mwezi, kwa sababu mauzo peke yake hayatoshi hata yakiandikwa vizuri. Tafuta kwanza deni. Muuzaji yeyote anaweza kuvuka lengo kwa kumrundikia msambazaji mzigo tarehe 30. Mwezi unaofuata mzigo unarudi stoo au pesa haikusanyiki. Ukionyesha kwamba mauzo yalipanda huku deni lililopitisha siku 30 likishuka, umejibu swali ambalo msomaji makini lazima atakuwa nalo. Kwa maoni yetu mstari huo mmoja una uzito kuliko tuzo zote za "muuzaji bora wa mwaka". Baada ya deni angalia faida ghafi: uliuza kwa punguzo kiasi gani, na punguzo hilo lilirudi? Halafu usambazaji, yaani kati ya maduka yote ya eneo lako ni mangapi yalikuwa na bidhaa yako rafuni kabla na baada, na ilikuwa ikikosekana kwa siku ngapi. Kama uliwahi kusimamia promosheni, weka gharama yake kando ya mauzo ya ziada iliyoyaleta. Hata kama ilikula hasara iandike, mradi uliigundua wewe na ukashauri isimamishwe.

Watu wa mauzo pia huficha uongozi wao bila kujua. Cheo chako hakina mtu chini yake, sawa, lakini kuna dereva, kuna wapanga bidhaa, kuna vijana wa msambazaji ambao hulipwi kuwasimamia na bado wanafuata ratiba yako. Kumfanya mtu asiye wako atekeleze jambo ni kazi ngumu kuliko kumwamuru aliye wako. Iandike kwa idadi: watu wangapi, walikuwa wakifanya nini, walianza kufanya nini. Shule ya MIT Sloan huomba hata mchoro wa muundo wa idara yako, nafasi yako ikiwa imezungushiwa alama. Mchoro huo humsaidia sana mtu wa mauzo, maana unaonyesha umbali kati yako na meneja wa nchi, jambo ambalo cheo hakisemi.

Mambo madogo yanayoharibu: vifupisho vya ndani ya kampuni ambavyo mtu wa Boston hawezi kuvijua, shilingi bila dola kando yake (tumia kiwango cha mwaka husika, si cha leo), majina ya bidhaa bila kusema ni sabuni au ni mafuta ya kupikia. CV iwe ukurasa mmoja, kwa Kiingereza, tarehe zikionyesha mwezi na mwaka. Na kama takwimu ni siri ya kampuni, usizimwage. Tumia asilimia na nafasi yako kati ya wenzako, kwa mfano "wa 2 kati ya maofisa 18".

Mimi ni wakala wa bima ya maisha, nalipwa komisheni tu, sina mshahara. Hiyo ni kazi mbele ya shule au nitaonekana kama mtu wa vibarua?
*Wakala, Thika*

Ni kazi, mradi uifanye kwa muda wote na uweze kuithibitisha. Kusanya mkataba wa uwakala, taarifa za komisheni za kila mwezi, usajili wako kwa mamlaka ya bima (IRA) wa kila mwaka, na hati za kodi iliyokatwa kwenye komisheni. Fomu ya maombi ikiuliza mshahara, andika sifuri kwenye mshahara wa msingi na komisheni uiweke kwenye nafasi ya bonasi au malipo mengine. Usichukue mwezi wako mnono ukauzidisha kwa 12. Andika jumla halisi ya mwaka mzima. Shule nyingi, baada ya kukupa nafasi, hukabidhi faili kwa kampuni ya uhakiki inayopigia waajiri na vyuo. Wanaopoteza nafasi katika hatua hiyo si lazima wawe matapeli. Wengine ni watu waliojiita "meneja wa mauzo" wakati barua ya kampuni inasema "wakala". Andika cheo kilichopo kwenye mkataba, halafu maelezo ya kazi ndiyo yaonyeshe ukubwa wake.

Kwa bima ya maisha kuna takwimu moja inayokutofautisha na wakala wa kubahatisha: kati ya bima ulizouza, ni ngapi zilikuwa bado zinalipiwa kufikia mwezi wa 13. Wakala anayesukuma watu wasaini huporomoka hapo. Kama yako iko juu ya wastani wa tawi, iwe mstari wa kwanza. Kama iko chini, jiandae kuieleza, kwa sababu mtu aliyewahi kufanya kazi ya bima ataiuliza kwenye usaili.

Nilimaliza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na GPA ya 3.2 kati ya 5, shahada ya miaka mitatu. Hesabu sijazigusa tangu nimeingia kwenye mauzo, miaka sita sasa. Je, nifanye mtihani wa kujiunga wa GMAT au wa GRE? Na hiyo GPA itaniua?
*Meneja wa eneo, Mbagala*

Kwanza miaka mitatu. Harvard inatamka wazi kwamba shahada ya kimataifa ya miaka mitatu inakubalika, na shule nyingi kubwa nazo hazina shida nayo. Soma ukurasa wa masharti wa kila shule. Dakika tano zinatosha.

GPA usiibadilishe kwenda mfumo wa Marekani wa 4. Iandike kama ilivyo kwenye nakala ya matokeo, 3.2 kati ya 5.0, na daraja lake. Ukiipigia hesabu mwenyewe utakosea, na ukikosea kuelekea juu utaonekana umedanganya. Hatutakupamba: daraja la pili la chini ni doa kwa shule hizi, hasa kama somo la takwimu, uhasibu au uchumi ulilipata kwa C. Doa hilo halifutwi na insha ya kueleza kwamba maisha yalikuwa magumu. Linafutwa, au tuseme linafifishwa, na ushahidi mpya wa darasani na alama ya mtihani.

Sasa mtihani. GMAT ya siku hizi si ile ya vitabu vya mitumba. Toleo la zamani lilikoma Januari 31, 2024. Ukikutana na kitabu chenye insha, sahihisho la sentensi au jiometri, kiache hapo hapo. Ya sasa ina sehemu tatu za dakika 45 kila moja: hesabu maswali 21, lugha maswali 23, na uchambuzi wa data maswali 20. Jumla saa 2 na dakika 15, na unaweza kuchukua mapumziko ya dakika 10. Alama huanzia 205 hadi 805, na 645 ya sasa inalingana takriban na 700 ya zamani. Sehemu zote tatu zina uzito sawa kwenye jumla, kwa hiyo ile ya data, ambayo watahiniwa wengi huiacha hadi mwisho, ndiyo inayowagharimu. Huko tu ndiko unakoruhusiwa kikokotoo. Kwenye hesabu ni kichwa na ubao wa kuandikia.

GRE nayo ilifupishwa Septemba 2023, sasa haifiki saa 2. Ina insha moja ya dakika 30, maswali 27 ya lugha na 27 ya hesabu, kila upande alama 130 hadi 170. Kikokotoo kipo skrini. Lugha yake inapima msamiati mgumu wa Kiingereza kuliko GMAT. Shule kubwa zinapokea yoyote kati ya hiyo miwili. Namna ya kuchagua ni rahisi: kila mtihani unatoa majaribio rasmi mawili ya bure kwenye tovuti yake. Fanya jaribio moja la kila upande, wikiendi mbili tofauti, bila kujiandaa, kwa muda kamili. Utakakokuwa juu kwa asilimia ya nafasi, yaani umewazidi watahiniwa wangapi, baki huko. Jaribio la pili la upande huo litunze hadi wiki mbili kabla ya mtihani wenyewe.

Kwa mtu anayefanya kazi ya mauzo tungepanga wiki 14 hadi 16, saa 10 kwa wiki. Wiki nne za kwanza ziwe za msingi tu: sehemu, uwiano, asilimia, milinganyo, vipeo, tabia za namba. Usione aibu kurudi kwenye kitabu cha sekondari. Kuanzia wiki ya tano fanya maswali kwa saa, na uweke daftari la makosa lenye safu nne: swali, nilichojibu, kwa nini nilikosea, nitalitambuaje likija kwa sura nyingine. Safu ya tatu ndiyo yenye dawa. "Nilikosea hesabu" si sababu. "Nilisoma 'angalau' nikaelewa 'zaidi ya'" ni sababu.

Kwenye chumba cha mtihani kuna mtego mmoja unaowakamata wauzaji zaidi ya wengine, na tunadhani ni tabia ya kazi: kutokubali kuachia. Una dakika mbili na sekunde chache kwa swali la hesabu. Likifika dakika tatu na hujaona njia, kisia, liwekee alama, songa. Mwisho wa kila sehemu GMAT inakuruhusu kurudi na kubadilisha majibu hadi matatu. Maswali yanayobaki bila jibu hukatwa alama vibaya kuliko jibu la kukisia lililokosewa.

Usipange mtihani wiki ya mwisho ya mwezi. Unajua mwenyewe simu zitakavyolia. Na kama umeme au intaneti ya nyumbani si ya kutegemea, nenda kituoni badala ya kuufanyia sebuleni. Jina la usajili lilingane na pasipoti herufi kwa herufi. Wengi wetu tuna majina matatu kwenye pasipoti na mawili kwenye cheti cha chuo, na mlangoni hakuna mjadala. Ukikosa alama unayoitaka, GMAT inarudiwa baada ya siku 16 na GRE baada ya siku 21, isizidi mara tano ndani ya miezi 12. Matokeo yanadumu miaka mitano.

Kuhusu ushahidi wa darasani: kozi ya mtandaoni ya Harvard iitwayo CORe inafundisha uchambuzi wa biashara, uchumi wa meneja na uhasibu wa fedha, ina mtihani wa mwisho, na imetungwa kwa watu wasiotoka kwenye fedha. Si ya bei ya chini. Njia ya karibu zaidi ni kufanya masomo mawili matatu ya mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi ya Tanzania, na kufaulu vizuri. Cheti cha bure cha video za saa sita hakisaidii kitu hapa.

Bosi wangu amekubali kunipendekeza lakini ameniambia: "Wewe andika, mimi nitasaini." Nifanyeje? Simtaki akasirike.
*Mwakilishi wa mauzo ya dawa, Kampala*

Usiiandike. Kwanza siku hizi hakuna barua ya kusaini. Shule inamtumia mpendekezaji kiungo kwenye barua pepe yake, naye anajaza fomu yenye vipimo vya kuchagua na maswali mawili ya kuandika. Shule nyingi zinatumia fomu moja ya pamoja: utendaji wa mwombaji ukoje ukimlinganisha na wengine wazuri wenye kazi kama yake, na ni ushauri gani mzito zaidi wa kurekebisha uliowahi kumpa, ilikuwaje, na aliupokeaje. Pili, shule zinakataza mwombaji kujiandikia, na mtu aliyesoma insha zako jioni ileile huitambua sauti yako kwenye barua ya bosi.

Lakini bosi wako hasemi vile kwa ubaya. Ana kazi nyingi na hajui aandike nini. Mpunguzie mzigo. Mwombe nusu saa, wiki sita kabla ya tarehe ya mwisho, umpelekee ukurasa mmoja wenye matukio manne aliyoyaona kwa macho yake: lini, palikuwa na tatizo gani, ulifanya nini, matokeo. Mojawapo liwe kosa alilokukemea. Maneno atafute mwenyewe. Akipenda kuandika kwa Kiingereza cha kawaida kisicho na mapambo, vizuri zaidi.

Mtahadharishe na jambo moja. Mabosi wa mauzo huandika "ni mchapakazi, mwaminifu, hufikia lengo kila robo mwaka," kisha swali la ushauri wa kurekebisha wanajibu "hana udhaifu". Barua ya hivyo inakuumiza bila yeye kujua. Mwambie shule inataka kuona kwamba uliambiwa jambo gumu na ukabadilika.

Idadi inatofautiana: Harvard na Stanford zinataka wapendekezaji wawili, MIT Sloan mmoja. Kwa wa pili, meneja wa masoko au wa fedha aliyewahi kufanya kazi nawe ni bora kuliko bosi wa bosi anayekujua kwa jina tu. Mteja mkubwa, kwa mfano mfamasia mkuu wa hospitali, anafaa kama hutaki ofisini wajue unaondoka, ila asiwe ndugu wala mtu unayempa punguzo. Wote watumie barua pepe za kazini.

Nimeshachoka na mauzo. Nataka MBA ili niende kwenye ushauri wa biashara, au nifungue kampuni yangu, au benki ya uwekezaji. Niandike lipi kwenye malengo?
*Msomaji, Nairobi*

Moja. Maombi yenye matatu husomwa kama ya mtu asiye na hata moja.

Kati ya hayo, benki ya uwekezaji ndiyo ngumu kuitetea ukitoka kwenye mauzo ya bidhaa. Ushauri wa biashara unaingilika: McKinsey, BCG na Bain huajiri kwa wingi katika shule hizi, na hawajali sana ulikotoka ukiweza kufumbua kesi zao, yaani matatizo ya biashara wanayokupa kwenye usaili. Njia ambayo wauzaji huidharau bila sababu ni usimamizi wa chapa au wa bidhaa, au umeneja mkuu wa nchi. Huko ujuzi wako wa dukani ni mtaji. Shule ya Kellogg, kwa mfano, imejenga jina lake kwenye masoko kwa miongo mingi.

Pima lengo lako hivi. Kuna mambo matatu unayoweza kubadilisha: kazi, sekta, nchi. Kubadilisha mawili kwa pamoja kunaelezeka. Ukitaka yote matatu, utafute ushahidi kwamba tayari umeshagusa angalau moja.

Insha zenyewe zinatofautiana. Harvard sasa ina tatu fupi: uamuzi na malengo ya kibiashara, maneno 300, uongozi, 250, udadisi na kukua, 250. Stanford inauliza ni nini chenye maana zaidi kwako na kwa nini, kisha kwa nini Stanford, zote mbili zisizidi maneno 1,000. Hapa muuzaji hujiponza kwa kuuza. Anaanza na sentensi ya kunasa, anamalizia kwa kusukuma mteja asaini. Wanaosoma maombi wanasoma maelfu. Andika kama unavyomwelezea mwenzako wa ofisini jambo lililokushinda, pamoja na ulichojaribu kikashindikana. Na tafadhali usianze na utoto wa kuuza karanga kama hauhusiani na unachotaka kufanya sasa.

Usaili wa shule hizi ukoje? Mimi kuongea si tatizo.
*Muuzaji wa magari, Dar es Salaam*

Hapo ndipo penye tatizo. Harvard ni dakika 30 na msaili ameshasoma faili lako lote, kwa hiyo maswali yanakuja mafupi na yanabadilika ghafla. INSEAD unakutana na wahitimu wawili kwa nyakati tofauti. Wharton wanawaweka waombaji watano sita pamoja kwa dakika 35 mjadili jambo moja, kisha kila mmoja anabaki na msaili kwa dakika 10. Kwenye meza ya Wharton muuzaji anayeteka mazungumzo huanguka, na yule anayesema "tumebakiwa na dakika nane, tuchague" huonekana.

Zoezi: jirekodi kwa simu ukijibu maswali 10 na usizidi sekunde 90 kila moja. Sikiliza. Ukijibu tofauti na ulichoulizwa, kama mteja aliyeuliza bei ukamwelezea ubora, rudia.

Nina miaka 41, meneja mauzo wa taifa. Nimechelewa?
*Msomaji, Arusha*

Kwa MBA ya kawaida ya miaka miwili, ambayo wengi wanaingia wakiwa na uzoefu wa miaka minne hadi sita, ndiyo, kwa kiasi kikubwa. Huzuiwi na sheria, ila waajiri wanaokuja chuoni wanatafuta vijana wa miaka 28, na utajikuta unashindania kazi iliyo chini ya uliyoiacha. Tazama programu za mwaka mmoja za watu wazoefu: Stanford MSx (angalau miaka minane kazini), Sloan Fellows ya MIT, na programu ya Sloan ya London Business School. Ukitaka kubaki kazini, MBA ya watendaji ni njia ya heshima, na si lazima upande ndege kwenda mbali. Chuo Kikuu cha Strathmore kiko Nairobi, na shule ya biashara ya Chuo Kikuu cha Cape Town ina ithibati za kimataifa.

Ada inatisha. Kuna mtu wa kawaida anayeweza?
*Wasomaji kadhaa*

Ada ya Harvard peke yake imepita dola 75,000 kwa mwaka, kwa miaka miwili, kabla ya chumba na chakula. INSEAD ni miezi 10 na imepita yuro 100,000. Kwa mshahara wa mauzo wa kwetu hakuna anayelipa hiyo kwa akiba, na shule zinajua.

Harvard na Stanford hutoa misaada kwa uhitaji tu, si kwa alama. Takriban nusu ya wanafunzi wa Harvard hupata. Wanaangalia kipato chako na mali zako, kwa hiyo rekodi safi ya kipato inakusaidia tena hapa. Stanford ina ufadhili maalumu kwa raia wa nchi za Afrika wenye uhitaji: unalipiwa ada, na ndani ya miaka miwili baada ya kuhitimu uwe umerudi Afrika kufanya kazi kwa angalau miaka miwili. Kwa Uingereza, Chevening, ufadhili wa serikali ya huko, inalipia masomo ya mwaka mmoja, ila kwa MBA ina kikomo cha ada na tofauti unaifidia mwenyewe. Inadai uzoefu wa saa 2,800 za kazi na kurudi nyumbani kwa miaka miwili. Wakopeshaji kama Prodigy Finance hukopesha bila dhamana ya nyumba kwa kuangalia kipato chako cha baadaye, lakini riba yake hupanda na kushuka na soko. Kagua kama uraia wako umo kabla ya kuipigia hesabu.

Gharama ya kuomba nayo ipangie. GMAT ni karibu dola 275, kila fomu ya shule za Marekani ni dola 250 hivi au zaidi. Shule nne tu umevuka dola 1,200. Omba msamaha wa ada ya maombi mapema, maana baadhi ya shule hutoa kwa wenye kipato kidogo. Raundi ya kwanza ya maombi hufungwa Septemba, ya pili mwanzoni mwa Januari. Ya tatu, kwa shule zilizo nayo, iache: nafasi na misaada vimebaki vichache na muda wa viza unabana. Kwa viza ya mwanafunzi ya Marekani unaonyesha fedha za mwaka wa kwanza. Hela ya kuazima iliyoingia benki wiki iliyopita inatiliwa shaka. Masharti ya viza hubadilika kwa nchi na kwa mwaka, hivyo yaangalie upya kabla ya kulipa amana ya kushikilia nafasi.

Nilisoma kwa Kifaransa Lubumbashi, nauza vipuri vya mitambo ya migodi. Nihitaji nini cha ziada?
*Msomaji, Kolwezi*

Mtihani wa Kiingereza, TOEFL au IELTS, kwa kuwa msamaha hutolewa kwa waliosoma shahada kwa Kiingereza. Hata INSEAD na HEC Paris, ingawa ziko Ufaransa, MBA zao hufundishwa kwa Kiingereza. Matokeo ya lugha hudumu miaka miwili tu, kwa hiyo fanya GMAT kwanza, TOEFL baadaye. Nakala za matokeo zitafsiriwe na mtafsiri aliyeapishwa, na upeleke asili pamoja na tafsiri. Alama yako kati ya 20 iache kama ilivyo. Mauzo ya vipuri vya migodi yana mikataba mirefu ya miezi mingi na wanunuzi wengi upande mmoja wa meza, basi kwenye CV taja muda wa mkataba mmoja tangu mazungumzo hadi malipo, na ni nani aliyekuwa akikataa.